Mifuko ya Karatasi

Mwezi wa sita, kila tufaha changa huvishwa mfuko,
maelfu kwa maelfu, moja moja, kwa vidole hivi.
Shigeo huanzia upande wa barabara,
mimi huanzia upande wa mlima Iwaki,
na tukikutana katikati hatuna la kusema
ila: umebakisha mingapi?

Nahoko amepiga simu kutoka Osaka.
Anauliza, Mama, magoti yako je?
Namwambia magoti yapo, hayajaenda popote.
Anacheka. Nyuma yake namsikia mtoto akilia,
maji ya bomba, mlango ukibamizwa.
Zamani kelele hizo zilikuwa zangu.
Nilizichoka. Nikasema, laiti ningepata
nusu saa tu ya kimya.
Sasa ninacho kimya cha kuwagawia majirani.

Takuma alitushinda sote kwa mifuko.
Alikunja waya kwa kidole gumba huku akipiga mluzi,
na akichoka aliandika kwa penseli juu ya karatasi:
*Hili kaidi.*
*Hili lisiguswe.*
*Hili la Mama.*
Majani yalipoanza kupukutika, tukivua mifuko
ili jua liyapake matufaha wekundu,
niliusoma mti mzima kama barua.

Ilikuwa mwezi wa pili.
Alipanda juu ya paa kuondoa theluji
kama baba yake, kama babu yake,
kama nilivyomwambia apande.
Hilo silisemi mbele za watu.
Nilisema: kabla hujala, mwanangu, paa linalia.
Na kweli lilikuwa linalia.
Supu yake niliifunika kwa kisahani.

Theluji haina kishindo ikianguka.
Kumbe na mtu, akiiangukia, hana.

Husemwa uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi.
Lakini Shigeo naye ni mzazi,
na uchungu wake mimi siujui.
Huenda nao bandani, akafunga mlango,
akanoa misumeno aliyoinoa jana.
Siku ya arobaini na tisa, wageni walipoondoka,
tulikula wali uliobaki, tumesimama, jikoni,
kila mmoja akitazama dirisha lake.

Mwezi wa tatu tulipogoa, theluji ikingali kiunoni.
Matawi yakaanguka juu ya weupe, meusi,
nikayakusanya, nikayafunga mizigo mizigo.
Mwezi wa tano maua yakachanua bila haya.
Niliyachukia.
Nilipanda ngazi nikayapaka chavua kwa unyoya,
ua baada ya ua, nikiyachukia,
na yakashika mimba yote.

Sijui niliacha lini kuyachukia.
Labda ni siku ile ya mvua nyembamba
nilipomkuta chura ndani ya kiatu cha Takuma
pale kizingitini, amejikunja, ametulia,
nikasema *samahani*, nikakirudisha kiatu chini.
Nilicheka peke yangu. Kisha nikakaa pale pale
mpaka sufuria ikaungua.

Leo, chini kabisa ya bunda la mwaka jana,
nimeukuta mfuko mmoja wenye penseli.
Mwandiko wake, ule wa kukimbia:
*La Nahoko. Asipokuja, nitalila mimi.*
Nimeutia kifuani, ndani ya aproni.
Nimefanya kazi saa nzima unanikwaruza.
Kisha nimechagua tufaha, si kubwa, si zuri,
la tawi la chini ambalo mtoto anaweza kulifikia,
nikalivisha taratibu, waya nikaukunja
kwa kidole gumba, vile alivyokuwa akifanya.
Mluzi sikuuweza.

Jua linaingia nyuma ya mlima.
Shigeo amefika katikati, kofia imelowa jasho.
Umebakisha mingapi?
Hakuna, namwambia.
Kisha namwambia: ule pale, majira yakifika,
usiuvue. Niachie mimi.
Anautazama mfuko. Macho yake si mazuri tena,
lakini anautazama muda mrefu.
Haulizi kitu.
Ananishikia ngazi, ingawa nimekwisha shuka.