Koti Linarudi Kwao

Februari, feni namba tano,
na Mwanatumu kasimama katikati ya sebule
kavaa fulana, juu ya fulana shati la mikono mirefu,
juu ya shati sweta, juu ya sweta koti.
"Baba, nihesabie dakika," yuwanambia.
Nami na saa yangu ya mkononi, kama refa.
Alistahimili nne.
Ya tano akavua vyote kwa mpigo mmoja
akalala sakafuni, shavu kwenye simenti, akicheka.

Yuwaenda kuuguza wazee
katika mji wa pwani kama wetu,
ila bahari ya huko, wamemwambia, hupumua baridi.
Asubuhi ukungu huingia mitaani bila hodi.
Adhuhuri jua likichungulia, wavua.
Alasiri upepo ukigeuka, wavaa tena.
"Usivae nguo moja nzito," yuwanisomea kwenye simu,
"vaa nyepesi nyingi."
Nikamwambia hilo nalijua, mwanangu, ni chapati hiyo:
jani juu ya jani, na samli katikati.
Samli ya nguo ni hewa.

Miaka thelathini na miwili mimi ni dobi, Makupa.
Nimepiga pasi kanzu za maharusi, ovaroli za bandari,
suruali ya hakimu iliyonuka samaki, sikuuliza.
Sijapiga pasi nguo ya baridi ya mtu wangu.

Jumamosi, Kongowea. Mutinda kafungua mtumba,
watu wakauzamia.
Mimi nikashika kwa vidole viwili, kama kawaida:
hii sufu, hii nailoni inayojifanya sufu.
"Mzee, wapanda Limuru?"
"Mbali zaidi."
Koti la kijani cha chupa, vifungo vinne,
kimoja si ndugu ya wenzake.
Alitaka mia nane. Nilitoa mia sita
na ushauri wa kutoa madoa ya wino.

Kabla ya kuliloweka nilipekua mifuko
(dobi asiyepekua hufua noti za watu).
Chembe za mchanga, wa kijivu, si mweupe kama wa Nyali.
Karatasi ya peremende, herufi zimefutika.
Na glavu ya mtoto, moja,
ya mkono wa kushoto.

Nikakaa juu ya ndoo.
Kumbe hili lishatembea ukunguni.
Lishashikwa mkono na mtu mdogo.
Lilivuka maji likaja kuuzwa juani,
na sasa linarudi kwao, na mwanangu ndani yake.
Huko yeye atakuwa mgeni;
koti litakuwa mwenyeji.
Nikataka kukibadilisha kile kifungo,
nina kopo zima la vifungo vya wateja,
nikakiacha. Aliyekishona
alikuwa na mtu wa kumshonea.

Kilo ishirini na tatu, basi.
Shangazi yake, Bi Fumo, kaleta achari chupa mbili,
nikatoa moja, akairudisha, nikaitoa,
akaivisha soksi akaificha ndani ya buti.
Sweta nilizikunja mara tatu, nikazikalia.
Mwanatumu akauliza, "Na wewe, Baba, utavaa nini?"
Swali gani hilo. Mombasa hii?

Uwanja wa ndege akalibeba koti mkononi
kama mtu abebaye mtoto aliyelala.
Sikusema la maana. Nilisema:
"Lisifuliwe na maji moto."

Siku ya tisa ikaja picha.
Nyeupe tupu. Nikadhani simu imeharibika.
Nikakodoa, nikaona kijani kidogo,
vifungo vinne, na juu yake meno yakicheka.
"Leo nimevua mara tatu, nimevaa mara nne."
Nikamjibu: "Hesabu sahihi."
Kisha nikarudi kwenye pasi,
nikanyunyiza maji, mvuke ukapanda,
ukanifunika miwani.
Sikuifuta.

Glavu nimeifua kwa mkono.
Ipo kambani, baina ya soksi za watu,
imekauka tangu juzi.