Hisa Moja ya Askabi

Baba alipasua robota Kibuye, Jumapili ya mvua,
mwaka ule sukari ilipopanda bei mara mbili,
na katikati ya blauzi na makoti ya watu wanene
ikachomoza jezi: mistari ya kahawia na manjano,
rangi ya ukoko wa ugali,
na kifuani bata bukini amesimama mguu mmoja.

Miezi mitatu ilining'inia. Hakuna aliyeitaka.
"Oluga, hii ni timu gani? Ya wapishi?"
Wateja walitaka nyekundu, zile za vikombe.
Mwishowe akaivaa mwenyewe,
na mtu akivaa kitu hutaka kujua alichokivaa.

Basi tukawasaka redioni.
Jumamosi jioni, betri zimeanikwa juani mchana kutwa,
tunangoja msomaji awamalize wakubwa,
ashuke daraja kwa daraja
hadi kule chini anakosoma kama mtu anayefunga duka:
Askabi Taun, sifuri.
Baba alicheka kama aliyeletewa salamu za nyumbani.

Habari zao alizikusanya kama vipande vya kitambaa.
Kwamba timu iliasisiwa na wafyatua matofali.
Kwamba mwaka wa hamsini na nne waliwafunga vigogo wa London matopeni,
na kesho yake golikipa akarudi tanurini kazini.
Jukwaa la mbao likaungua.
Uwanja ukauzwa, pakajengwa duka la vitanda.
Kushuka, kushuka, kupanda kidogo, kushuka.
"Hawa ni wetu kabisa," alisema,
yeye aliyecheza beki timu ya kiwanda cha nguo
hadi kiwanda kilipofungwa, timu nayo,
na nyavu za goli zikaishia kuzungushia banda la kuku.

Askabi walipofilisika, mashabiki wao walipitisha ndoo.
Baba akaenda posta na malipo ya sare za kwaya nzima,
besi na teno wakiwemo.
Mama hakumsemesha siku nne.
Ikarudi bahasha: cheti, hisa moja,
jina limekosewa, Olaga.
Alikitundika juu ya cherehani
na akakataa katakata lisahihishwe.
"Kule ndivyo wanavyonijua."

Walianza upya, chini kuliko chini,
wakicheza na timu za mafundi bomba na wauza maziwa.
Huko redio haifiki.
Nikamtafutia matokeo kwenye simu,
nikimsomea polepole, macho yake yalipokuwa yameshaanza ukungu,
na siku nyingine, Mungu anisamehe,
niliwaongezea bao.

Alifariki Machi, wakiwa nafasi ya kumi na tisa.
Nilirithi cherehani,
deni la kodi ya kibanda,
na hisa moja.

Juzi wameandika. Wanachama wote wapige kura:
amepatikana tajiri, anataka nembo ya kisasa,
bata aondoke, ibaki herufi peke yake.
Tajiri ameahidi taa mpya na nyasi zisizokauka.
Uwanja wao sijauona. Mvua yao sijainyeshewa.
Huenda taa wanazihitaji kweli.
Nilitazama jezi pale msumarini,
mguu mmoja wa bata nilioushona mwenyewe
uzi ulipokatika, wa rangi isiyolingana.

Nikafuta mafuta ya mashine vidoleni,
nikabonyeza Hapana,
kisha nikarudi kwenye pindo la suruali
ya mtu aliyekuwa amesimama akiningoja na taulo kiunoni.