Siku ya Arobaini na Moja

Msukule hakimbii hivyo, namwambia Dzintars.
Aliyekufa siku tatu magoti yamemkaza,
hawezi kuruka ua kama mbuzi mwizi.
Anacheka ndani ya maikrofoni,
anatafuna kitu, mkate mweusi pengine,
na upepo wa Liepāja unagonga madirisha yetu mawili,
lake la ghorofa ya tano, langu la pili, mtaa uleule.

Mimi kazi yangu ni ambulensi.
Najua mlio wa mfupa wa paja unapovunjika,
na najua haufungwi kwa kijiti na kitambaa
mtu akainuka akatimua mbio.
Katika mchezo wetu sekunde kumi zatosha.
Katika mchezo wetu unakula makopo manane ya maharage kwa siku
na bado taa ya njaa haizimiki pembeni mwa skrini.
Haya yote nimewasamehe waliouunda.
Uongo tuliokubaliana sote,
unaotuuma sote sawasawa,
si uongo tena. Ni sheria.

Lakini yuko anayejiita Kunguru.
Amenunua kijiprogramu kwa bei ya jozi ya viatu,
kinamwonyesha mifupa yetu nyuma ya kuta.
Hafuati nyayo. Hategi sikio mlangoni.
Anapita msituni kama mtu anayeshuka dukani kununua maziwa.
Tulimjua kwa hilo tu: hageuki nyuma.
Sisi wengine hugeuka, hugeuka,
hadi kunakucha na shingo zinatuuma kweli.

Na yuko Agrita, mwalimu wa hesabu,
mnyoofu kila mahali isipokuwa huku:
risasi ya kwanza ikimpata, mtandao wake hukatika.
Ya kwanza, kila mara.
Tumeacha kumpa pole.

Jumanne ile Dzintars alikuwa na siku arobaini na moja za uhai.
Alikuwa amepanda maboga nyuma ya kanisa lisilo na paa.
Alikwisha kunitolea damu mara mbili, chupa nzima,
huku misukule ikikwaruza mlango.

Risasi ikatoka upande usio na dirisha.
Nikamsikia akivuta pumzi.
Mguu. Damu. Rangi zinamtoka, anasema, kila kitu kijivu.
"Chomoa," nikamwambia. Mimi, mwenye sheria zangu!
"Chomoa waya, huyo ni tapeli, humdhulumu."

Waya ulikuwepo, alinisimulia baadaye,
wa bluu, kando ya goti.
Aliugusa kwa kidole cha mguu.
Akauacha.

Nimeshika mikono ya watu kwenye barabara ya Grobiņa,
juu ya barafu, taa zetu zikizunguka,
nikaona macho yao yakihangaika,
chini ya kiti, darini, begani kwangu,
nikadhani wanatafuta mtoto, au simu.
Siku hizi nadhani walitafuta waya.

Kunguru akaja kumpekua.
Akachukua bunduki, akaacha mbegu.
Kisha akafungua maikrofoni, na kumbe
sauti yenyewe haijavunja ungo wa utoto:
"Mbona hukutoroka?"

Maiti hajibu. Hiyo nayo ni sheria,
na Dzintars aliishika.
Mimi nilikuwa kichakani, hatua thelathini,
kidole kwenye kifyatulio.
Bila shaka aliniona, ubavu kwa ubavu, hadi vidole.
Sikufyatua. Wala yeye.
Alipofika kwenye miti akageuka nyuma,
akasimama kidogo,
sijui alitazama nini, kulikuwa na ukuta tu.

"Uko wapi?" nikamuuliza Dzintars.
"Ufukweni. Nina tufaha moja na kitambaa.
Mvua inanyesha, viatu vyenyewe vya turubai."
Nikasikia birika lake likianza kulia jikoni, lile la kweli.
"Siku ya kwanza," akasema.
"Ngoja nizime jiko."
Zamu yangu ilikuwa saa kumi na mbili.
Nikaenda kuyamwagilia maboga.