Fremu Kumi na Tisa

Saa nane ya usiku, Tbilisi, ghorofa ya saba.
Lifti inayodai sarafu imelala.
Nimekaa mbele ya skrini mbili
na bibi mmoja asiyejua kwamba namkesha.

Babutsa anafungua mdomo. Kimya.
Anaufumba. Ndipo neno linaingia,
kama mgeni afikaye karamuni watu wameshanawa.

Otia hakupiga kibao siku ile.
"Nilisahau," alisema, "mvua ilikuwa inakuja."
Basi kamera ikaenda na saa yake, kinasa sauti na yake,
kama mke na mume waliokosana chini ya dari moja,
kila mmoja akiapa mwenzake ndiye aliyechelewa.

Nikatafuta kishindo. Chochote chenye ncha:
mlango, kijiko, kikohozi.
Dakika ya sita nikakipata:
Babutsa anavunja jozi kwa nyundo ya marehemu.
Fremu moja, nyundo iko juu;
inayofuata, ganda limeshapasuka;
na chini, katika mawimbi ya sauti,
kilele kimoja chembamba kimesimama peke yake
kama sindano iliyosahauliwa kwenye godoro.
Nikakikokota. Fremu tatu kushoto. Moja kulia.
Nikabana pumzi, nikabonyeza.

Ka!

Jozi na mlio wake wakarudiana.

Tangu hapo bibi akasema mwenyewe:
ng'ombe aliyeuzwa, bei aliyopunjwa,
theluji iliyoziba mlango hadi kitasa.
Dakika ya arobaini midomo ikaanza tena kuteleza,
unywele tu, maana saa mbili hazilingani
hata zikianza safari zimeshikana mikono.
Nikaikunja sauti kidogo, kama mshonaji apunguzavyo pindo.

Mama huniuliza kazi yangu ni nini hasa.
Namwambia: nawarudishia watu ndimi zao.
Sauti ikiutangulia mdomo, msemaji huonekana mwongo.
Ikichelewa, huonekana mgonjwa.
Mama husema, "Na hilo wanakulipa?"

Kisha ikaja picha ya mwisho.
Ng'ambo ya bonde, Bimurza, mwanawe,
mdogo kama herufi, anapasua kuni.
Shoka linashuka. Kimya.
Linapanda tena, na likiwa karibu na kilele,
ndipo gogo linalia.

Otia ameniachia karatasi, wino mwekundu:
*Hapa zimepishana. Rekebisha.*

Nikarekebisha. Mimi ni nani?
Nikaivuta sauti mbele fremu kumi na tisa,
shoka na mlio vikatua pamoja, sawasawa, safi.
Nikatazama.
Bonde limetoweka.
Bimurza amekuwa mwanasesere
anayepasua njiti za kiberiti juu ya meza yangu.

Nikawasha sigara niliyokwisha kuiacha. Nikapiga hesabu.
Kila fremu, sauti hutembea mita kumi na nne kasoro kidogo.
Kumi na tisa: mita mia mbili na sitini.
Hilo si kosa, Otia.
Huo ni upana wa bonde,
ni hewa inakuja kwa miguu.

Halafu nikakumbuka dakika ya thelathini na moja,
uliyoniambia niikate kwa kuwa haina maana.
Bibi ametazama dirishani, anapangusa maganda mapajani:
"Tangu tugombane, shoka lake hunifikia
likiwa limeshapoa."

Nikaifungua tena dakika hiyo.
Nikazirudisha fremu zote, moja moja,
kama mtu arudishaye vyombo alivyoazima usiku.
Chini ya wino wako nimeandika kwa penseli:
*Tayari. Zimelingana.*

Ukifika asubuhi usiguse kitu.
Kaa. Tazama shoka likishuka.
Subiri.

Na uje na sarafu mbili za lifti.
Mimi zangu zimekwisha.