Si Yeye

Duka letu liko nyuma ya soko la Kibuye.
Tunauza mawe ya kusagia, mikanda na beringi
kwa wenye vinu vya posho, hadi Siaya, hadi Vihiga.
Mimi ndiye mwenye hesabu. Kabla yangu alikuwa Shiundu.

Kiti chake bado kina mto alioshonewa na mkewe.
Hakuiba hata senti.
Alisoma barua pepe moja, Ijumaa, saa kumi na moja kasoro,
wateja wamejazana dirishani wakidai risiti,
barua yenye jina la Bwana Kimaiyo wa Nakuru:
Tumebadilisha benki. Tafadhali lipa leo.
Akalipa. Laki tisa na sitini elfu.
Kwenye anwani, mahali pa herufi i,
palisimama tarakimu moja, wima,
bila kile kinukta cha kichwani.
Mama Olweny hakupiga kelele.
Alimwambia tu: ufunguo uache mezani.

Kisha akaja kijana na kompyuta yake mgongoni.
Akasema, hii inaitwa akili bandia.
Mama Olweny akaguna:
"Bandia tunayo. Ndiyo iliyotula."
Kijana akacheka. "Dawa ya moto, mama."

Kwa usiku mmoja ilisoma barua zetu za miaka minane.
Asubuhi ikawa inamjua Kimaiyo kuliko mimi:
kwamba hasemi Mpendwa,
huanza na mvua, mmepata mvua huko,
kwamba nukta hazijui, sentensi zake hutiririka tu
kama maziwa kwenye ndoo,
kwamba huandika "asanti", huandika alfajiri,
na pesa hadai siku ya Ijumaa kamwe.
Nami niliyekuwa nikizisoma miaka yote hiyo
nilikuwa natazama tarakimu.

Mwezi wa kwanza ilimnasa "Mama Olweny"
aliyeniandikia: niko mkutanoni, tuma pesa upesi, usinipigie simu.
Mama Olweny mwenyewe alikuwa nyuma yangu
anachovya mandazi kwenye chai.
Tulicheka hadi wachukuzi wakachungulia.

Halafu, Juni.
Barua kutoka Nakuru, saa nane mchana.
Mpendwa Mteja. Koma mahali pake, nukta mahali pake.
Akaunti mpya.
Juu yake mstari mwekundu: Huenda si yeye.

Nisiseme uongo, nilifurahi.
Nilifurahi kama mtega ndege aliyesikia kamba ikikazika.
Nikafungua daftari, maana sheria yetu ni hiyo,
piga namba ya daftarini, usipige ya kwenye barua,
na maneno makali nikayaweka tayari ulimini.

Sauti ya mwanamke.
Nikamwuliza yeye ni nani, na simu ya mwenyewe ameipata wapi.
Akanyamaza. Nikasikia kuku, na mlango wa bati.
"Mimi ni Jerotich, binti yake.
Baba tulimzika Jumamosi.
Ile akaunti ilikuwa kwa jina lake, benki wameifunga.
Kwani nimeandika vibaya?"

Maneno yangu makali yalikosa pa kwenda.
Nilitafuta pole, nikaipata, nikaitoa,
ikasikika kama ankara.
Basi nikamwuliza:
mmepata mvua huko?
Na yeye, ambaye hakuwa amelia tangu mwanzo wa simu,
akalia.

Kwenye kioo, mashine inanisubiri.
Inataka kujifunza, ndivyo ilivyoundwa.
Imeuliza: Je, nilikosea?
Vitufe viwili, Ndiyo na Hapana,
na kidole changu juu yao, hakishuki.
Mto wa Shiundu umebonyea upande mmoja,
upande aliokuwa akiegemea akisoma.
Ningempigia yeye pia, nadhani. Namba yake imo daftarini humu humu,
Mama Olweny aliikata kwa mstari mmoja tu,
inasomeka.

Nje mtu anagonga dirisha kwa sarafu.
Anataka mkanda wa inchi tatu.
Nimeinuka kwenda kuutafuta.