Hodi ya Sekunde Kumi

Ruta mbili nilizinunua Luthuli kwa bei ya chuma chakavu,
moja ingali na kibandiko cha benki iliyokwisha kufungwa.
Zimekaa chini ya kitanda, Tassia, ghorofa ya tano,
na Julai hii feni zake ndizo zinazonipasha nyayo joto.

Ada ya mtihani ni kodi ya miezi minne.
Nimeilipa. Msiniulize ninakula nini.

Kwa hiyo nasoma.
Nasoma kwamba pakiti haiijui safari yake,
yajua iendako tu; kila kituo huitazama,
hufungua jedwali, huisukuma mbele hatua moja.
Nasoma kwamba kwa itifaki ile kongwe
hatua kumi na tano ni mbali,
na ya kumi na sita ni kusikofikika.
(Toka hapa hadi Wundanyi kwa mama
nilianza kuhesabu vituo, nikaacha.)
Nasoma kwamba habari haipaswi kurudishwa
kwa aliyeileta. Hilo shangazi zangu hawajalisoma.

Lakini ukurasa uliochakaa ni ule wa majirani.

Kila sekunde kumi ruta hupiga hodi wayani:
Hodi, mimi fulani, ninaowasikia ni hawa na hawa.
Mwenzake kuisikia hakutoshi.
Hamjawa majirani
mpaka usikie jina lako
ndani ya hodi ya mwenzio.
Na saa zenu zilingane: huyu akibisha kila kumi,
yule kila thelathini,
watashiriki waya mmoja hadi kutu, wasijuane.

Sekunde arobaini za kimya, jirani amekufa.
Futa njia zote zilizopitia kwake.
Piga hesabu upya.

Nikachomoa waya, nikahesabu kwa sauti.
Thelathini na nane. Thelathini na tisa.
Kioo kikaandika: jirani ameanguka.
Nikachomeka. Nikachomoa tena.
Nilitaka jambo hili liniingie kwenye mifupa.

Ndipo nikaona kumekaribia kucha
na sijasikia beseni.

Chumba cha kumi na saba, upande ninaolaza kichwa,
yupo mtu arudiye saa kumi na moja alfajiri
kutoka kiwanda cha mikate, akajimwagia maji.
Miezi kumi na minne. Mimi nikitoka, amelala;
mimi nikirudi, keshatia kufuli.
Uso wake siujui. Najua viatu,
vyeupe kwa unga, vimekaa mlangoni kama watoto wa shule.

Jumanne, beseni kimya. Jumatano, kimya.
Leo Alhamisi: hizo ni arobaini ngapi?
Wala sikufuta njia yoyote.
Hakuna iliyopitia kwake.

Nikatoka na soksi. Viatu vipo.
Hodi, nikasema,
na Mungu anisamehe, nikahesabu.
Kumi.
Ishirini.
Mtoto wa chumba cha kona akachungulia, akajirudisha.
Thelathini na mbili, komeo likasogea.

Kijana mwembamba, blanketi begani,
mkono wa kulia umefungwa bandeji hadi kiwikoni.
Tanuri, akasema, kama mtu anayemtaja mkwe mkorofi.
Kisha: Karibu, Mghoi. Mtihani si Jumatatu?

Nikakodoa.
Ukuta huu ni karatasi, akasema. Mama yako akipiga simu
ni kama ametupigia sote.
Nami usiku kucha nimelala nikikusikiliza ukihesabu,
ukifika thelathini na tisa unanyamaza.
Hiyo ya arobaini huwa kuna nini?

Sikuwa na jina la kumrudishia.
Nikaliomba, pale pale kizingitini,
na soksi zangu zikinywa maji ya korido.

Ekiru, akasema.

Beseni lilikuwa kavu, limeegemezwa ukutani.
Nikachukua mtungi, nikamimina,
likalia mlio ule ule ninaoujua,
ila sasa kichwa changu kilikuwa upande huu.