Daftari la Mizani

Nimelikuta Sawala, kwenye kabati la mama,
chini ya vitenge vya msiba na risiti za mbolea.
Jalada la kijani limeliwa na mende pembeni;
ndani, mwandiko wa baba umelalia kulia
kama ngano iliyopigwa na upepo.

Zabroni Kalinga, mpimaji wa Klabu.
Mvuvi hakuwa. Ndoana hakuitupa hata siku moja.
Kazi yake ilikuwa kusimama ukingoni na mizani ya kuning'iniza,
kumtundika trauti mkia ungali ukipiga,
kusoma mshale, kuandika,
na kumrudisha kwenye kapu la Bwana Makensi.

Trauti naye alikuja kama chai ilivyokuja:
yai ndani ya barafu, barafu ndani ya sanduku,
sanduku kichwani mwa mtu, hadi huku juu kwenye ukungu.
Kihehe hakikumpa jina.
Bibi alimwita yule mwenye madoa,
akasema kabla yake mtoni kulikuwa na visamaki vyeusi
vya kukausha, vya kutia kwenye mlenda,
mgeni akavimaliza.
Kwa hiyo sijui nalia nini.

Nasoma.
*Juni tisa, ratili nne na nusu. Maji safi, baridi kali.*
*Julai mbili, ratili tano. Bwana kafurahi, kanipa soksi.*
Kurasa zinakwenda, ratili zinageuka kilo,
na wavuvi wanageuka majina:
meneja Msigwa, daktari wa misheni,
afisa kutoka Mafinga aliyekuja na buti mpya
akakaa chini topeni mbele ya mkewe.
*Kilo moja. Robo tatu. Robo tatu.*
*Leo hakuna.*
*Leo hakuna.*
*Leo wamepata chura.*

Pembezoni baba ameandika mambo ambayo hakuna aliyemwomba:
*Mikaratusi ya kampuni imefika kwenye chemchemi.*
*Vinyungu vimeshuka hadi mtoni. Watu wana njaa, siwalaumu.*
*Mvua imeosha dawa ya nyanya. Maji yana povu.*
*Nimetia mkono. Mto una homa.*

Kisha Julai nyingine, mstari usio na tarakimu:
*Kuna mtu anatega usiku bwawa la juu. Nyayo ndogo.*

Baba.
Kumbe ulijua.
Nilikuwa na miaka kumi na mitatu na mgono wa mianzi
niliousuka mwenyewe nyuma ya banda la kuni.
Umande ulikuwa umeganda,
nyasi zikivunjika chini ya miguu kama maganda ya mayai.
Nilimtoa jike, tumbo limemjaa,
mayai yakanimwagikia kiganjani, rangi ya chungwa,
shanga zilizokatika uzi.
Nikayafutia kwenye kaptura.
Mama alimkaanga. Wewe ulikula kichwa, kimya,
ukauliza tu kama chumvi imetosha.

Klabu sasa ni ghala la magunia.
Mizani ipo gengeni kwa dada Twilumba, inapima viazi.
Jana nimeiazima, nikashuka nayo hadi darajani.
Maji hayafiki kifundo cha mguu.
Mtoto mmoja alikuwa anaosha pikipiki katikati ya mto,
akaniuliza napima nini.
Sikuwa na jibu, nikaitundika kwenye tawi, tupu.

Mshale ukatikisika,
ukapanda,
ukatulia kwenye robo.

Springi imechoka. Tangu lini, hakuna wa kumuuliza.
Usiku nimeketi na kibatari, na kalamu,
kwenye zile kurasa za mwisho,
natoa.
Kilo moja, toa robo.
Robo tatu, toa robo.
Robo tatu, toa robo.
Leo hakuna,

toa robo.